COMENIUS: MKIMBIZI WA MIAKA YA 1600 ALIYENIFUNDISHA KUCHORA KADI ZA PROGRAMU



Kuna kitu nimekiona sana kwenye intaneti kafe. Kijana analipia saa yake, anafungua somo la kuandika programu za kompyuta, anachapisha kurasa kadhaa, halafu anakwenda kuzikariri nyumbani kama mtu anayejiandaa kwa mtihani wa taifa. Wiki mbili baadaye ukimuuliza maana ya kitanzi kwenye programu anakumwagia Kiingereza mwanzo mwisho, hakosei hata nukta. Mwambie sasa aandike kitanzi kimoja tu cha kuhesabu 1 mpaka 10. Kimya. Simcheki mtu hapa, maana na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Daftari langu la kwanza lilijaa maneno ambayo nilikuwa nayajua kwa mdomo tu.

Kilichoniokoa ni karatasi ya manila ya bei poa, mkasi na kalamu. Nilikata kadi, upande mmoja nikachora picha, upande wa pili nikaandika neno la programu na maana yake kwa Kiswahili. Na aliyenionyesha namna ya kuzichora ni mzee aliyekufa mwaka 1670, ambaye hakuwahi kuona hata taa ya umeme, achilia mbali kompyuta. Jina lake la nyumbani ni Jan Amos Komenský. Dunia inamjua kwa jina la Kilatini, Comenius. Leo nawaletea maisha yake, na humo humo tutaokota kanuni za kadi zetu.

YATIMA ALIYECHELEWA SHULE

Jamaa alizaliwa tarehe 28 Machi 1592 huko Moravia, eneo ambalo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Czech. Familia yake ilikuwa ya kanisa dogo la Kiprotestanti lililoitwa Umoja wa Ndugu. Alipofika miaka kama 12 hivi baba na mama wakafariki, na dada zake wawili pia. Akachukuliwa na shangazi yake. Mwaka 1605 mji alikohamia nao ukavamiwa na kuchomwa moto. Ushike huo moto akilini, maana utamfuata maisha yake yote.

Shule ya Kilatini aliingia mwaka 1608 akiwa na miaka 16, kachelewa kweli kweli. Zama hizo Kilatini ndiyo ilikuwa lugha ya elimu Ulaya. Bila Kilatini husomi sheria, husomi udaktari, husomi chochote cha maana. Sasa kasheshe ilikuwa hivi: vitabu vya kanuni za Kilatini vyenyewe viliandikwa kwa Kilatini. Yaani unafundishwa lugha usiyoijua kwa lugha usiyoijua. Watoto walikariri kanuni miaka na miaka, wakikosea fimbo, na wengi walitoka humo hawajui hata kuomba maji.

Mdau, hebu jiulize, hiyo si ndiyo hali yetu tukifungua kitabu cha programu? Neno geni linaelezwa kwa maneno mengine mageni, na yote ni ya Kiingereza.

Comenius hakusahau yale mateso. Alisoma vyuo vya Herborn na Heidelberg huko Ujerumani. Mwezi Januari 1614 akiwa Heidelberg alinunua kwa mjane wa profesa mmoja mswada ulioandikwa kwa mkono wa Copernicus mwenyewe, yule aliyesema dunia ndiyo inayolizunguka jua. Inasimuliwa kwamba pesa zilimwishia na akarudi kwao Moravia kwa miguu. Mswada ule upo mpaka leo, unatunzwa chuo kikuu cha Kraków, Poland.

VITA, TAUNI NA UKIMBIZI

Aliporudi akawa mwalimu, halafu mchungaji. Mwaka 1618 alikuwa kwenye mji wa Fulnek, kaoa, ana kanisa na shule ya kuangalia. Mwaka huo huo ikaanza ile vita kubwa iliyodumu miaka 30. Tarehe 8 Novemba 1620 jeshi la Waprotestanti wa kwao lilipigwa vibaya karibu na Prague, na kuanzia hapo wachungaji kama yeye wakawa watu wa kusakwa. Akaingia mafichoni. Mwaka 1622 tauni ikamwondolea mke na watoto wao wawili. Mwaka 1623 vitabu vyake vilivyobaki Fulnek vikachomwa moto hadharani.

Februari 1628 alivuka mpaka kuingia Poland pamoja na wakimbizi wenzake, wakaweka makazi mji wa Leszno. Wakati huo alikuwa ameshaoa tena. Alidhani wataondoka kwa muda tu, mambo yakitulia warudi. Hakurudi kuishi kwao tena mpaka anakufa.

Sasa mtu aliyepoteza kila kitu kwa nini ahangaike na vitabu vya shule? Jibu lipo kwenye hali yake. Ardhi yao ilishachukuliwa na makanisa yalishafungwa. Kilichobaki kubeba ni kile kilichomo kichwani mwa watoto. Ndiyo maana akaandika kwamba kila mtoto asome, wa kiume na wa kike, wa tajiri na wa maskini, na aanze kwa lugha ya mama yake kabla ya kupelekwa kwenye Kilatini. Kwa zama zile hayo yalikuwa maneno mazito.

KITABU KILICHOVUMA, HALAFU KIKAWA KIGUMU

Mwaka 1631 akatoa kitabu cha kufundishia Kilatini kiitwacho Janua linguarum reserata, maana yake mlango wa lugha uliofunguliwa. Alikusanya maneno kama 8,000 akayapanga ndani ya sentensi 1,000, kwenye sura 100 zinazozungumzia vitu halisi: moto, maji, mimea, ufundi, nyumba. Kitabu kikavuma. Kikatafsiriwa kwa lugha nyingi, na jina la mkimbizi wa Leszno likajulikana Ulaya nzima.

Lakini wanaoanza kikawashinda. Maneno 8,000 kwa mtoto ambaye hajui hata moja ni mzigo. Mzee hakukasirika wala hakuwaita wanafunzi mbumbumbu. Mwaka 1633 akatoa kingine kifupi na chepesi, akakiita Vestibulum, yaani ukumbi wa kuingilia kabla hujaufikia mlango wenyewe. Nampendea hilo. Chombo kikishindwa kufundisha, anarekebisha chombo.

Sifa zilimpeleka mbali. Mwaka 1641 alialikwa London, wakitaka awasaidie kupanga elimu upya, lakini vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Uingereza ikakaribia na mipango ikafa. Mwaka 1642 akakutana na Descartes huko Uholanzi, wakazungumza, kila mmoja akaondoka na msimamo wake. Halafu akafanya kazi ya kuwaandikia Sweden vitabu vya shule. Mwaka 1648 vita ya miaka 30 ikaisha kwa mkataba, lakini mkataba haukuwapa Ndugu wa kanisa lake haki ya kurudi nyumbani. Mwaka huo huo akafiwa na mke wa pili.

PICHA ZINAZALIWA

Mwaka 1650 akaitwa Sárospatak, Hungary, kuendesha shule. Alikuta wanafunzi hawana hamu kabisa. Akawatungia michezo ya kuigiza, na akaanza kazi ambayo ndiyo sababu ya mimi kuandika leo: kitabu cha picha. Huko hakupata fundi wa kuzichonga hizo picha. Ikabidi kazi ipelekwe Nuremberg, Ujerumani, na ikachukua miaka. Kikatoka mwaka 1658, jina lake Orbis Sensualium Pictus, yaani ulimwengu unaoonekana, katika picha.

Kilikuwa na masomo 150 hivi. Kila somo lina picha moja juu, na chini maelezo kwa Kilatini na Kijerumani, bega kwa bega. Kuna mwoka mikate, mvuvi, fundi viatu, mchapa vitabu, mawingu, wadudu, mpaka mwili wa mtu. Siri kubwa ni namba. Kila kitu ndani ya picha kimepewa namba, na namba hiyo hiyo ipo kando ya neno lake kwenye maelezo. Mtoto anaona 3 kwenye picha, anaishuka 3 kwenye maandishi, neno linapata mahali pa kukaa. Hata herufi zilifundishwa kwa sauti za wanyama, kunguru analia hivi, kondoo analia vile.

Picha mle haikuwekwa kupamba ukurasa. Ndiyo iliyobeba somo, neno likaja kuegemea.

KADI ZETU SASA

Nilipoelewa hapo, nikazitupa kadi zangu za mwanzo nikaanza upya. Kanuni ni hizi.

Kwanza, kadi moja jambo moja. Usirudie kosa la maneno 8,000. Kadi 20 za kuanzia zinatosha kabisa.

Pili, tumia namba. Chora mashine ya kusaga. 1 ni mahindi yanayoingia, 2 ni mashine yenyewe, 3 ni unga unaotoka. Geuza kadi, andika: 1 ni kile unachoipa fanksheni, 2 ni fanksheni, 3 ni jibu inalorudisha. Mashine huijengi upya kila mteja anapokuja na debe lake, si ndiyo? Na fanksheni unaiandika mara moja, unaiita mara nyingi.

Tatu, chora unachokijua, si kilichochorwa na Mzungu kwenye kitabu. Safu, ile orodha ya vitu vilivyopangwa chini ya jina moja, mimi nimeichora kama trei ya mayai. Trei ina mayai 30, lakini kwenye lugha nyingi za programu yai la kwanza ni namba 0 na la mwisho ni namba 29. Ukiomba yai namba 30 unapewa kosa, kwa sababu hakuna shimo hilo. Tangu nichore trei hiyo sijakosea tena mwisho wa safu, na kabla ya hapo nilikuwa nakosea kila siku.

Neno if nimelichorea njia panda yenye mlinzi anayeuliza swali la ndiyo au hapana. Neno while nimechora mtu na ndoo anajaza pipa. Kila kabla ya kwenda kisimani anachungulia: pipa halijajaa? Anaenda. Limejaa? Anaacha. Kisha nikachora kadi ya pili, mtu yule yule, lakini pipa limetoboka chini. Huyo atachota mpaka kiyama. Hicho ndicho kitanzi kisicho na mwisho, kile kinachoigandisha programu yako huku dakika za kafe zinakatika.

Nne, hata kisichoonekana kina namna yake ya kuchorwa. Hapa mzee alinimaliza. Kwenye kitabu chake kuna somo la nafsi ya binadamu. Utaichoraje nafsi? Alionyesha umbo la mtu lililochorwa kwa nukta nukta tu, unaliona lakini halina mwili. Basi na mimi kigeu ambacho kimepewa jina lakini hakijapewa thamani nakichora kwa nukta nukta. Hapo utaona tofauti iliyowatoa jasho wengi: kisicho na kitu si sawa na chenye 0. Sifuri ni kitu, imeandikwa kwa wino.

Tano, picha nayo inaweza kudanganya, kwa hiyo ijaribu. Hii imenikuta mwenyewe. Kigeu, ile nafasi yenye jina ambamo programu inaweka thamani, mwanzo nilikichora kama kopo la sukari lenye lebo. Ilionekana safi. Halafu nikaandika programu, nikaweka thamani ya kigeu b ndani ya kigeu a, nikaamini kabisa kwamba b sasa ni tupu, kwa sababu ukimimina sukari kopo la kwanza linabaki tupu. Nilihangaika siku mbili natafuta kosa. Kompyuta haikumimina chochote, imenakili tu, b ina thamani yake ile ile. Kadi yangu ndiyo ilinidanganya.

Nikakumbuka mzee na kitabu chake kilichowashinda watoto. Nikachana kadi ya kopo, nikachora vibao viwili vya chaki, kila kimoja na jina lake juu. Ukinakili namba kutoka kibao b kwenda kibao a, b hakifutiki. Na ukiandika namba mpya kwenye a, lazima ya zamani ifutwe. Picha moja imebeba mambo mawili, na ile alama ya = ikaacha kuwa sawasawa ya hesabu, ikawa amri ya kuandika.

Sita, jichoree mwenyewe. Comenius alitaka watoto waachwe waziige zile picha kwa mikono yao, na kitu kama kipo waonyeshwe kitu chenyewe. Picha yako mbaya inakaa kichwani kuliko nzuri ya kupakua. Zichanganye kadi, jiulize kabla ya kugeuza. Ulizokosa zirudie kesho, ulizopata zirudie baada ya siku kadhaa. Halafu nenda kwenye mashine ukaandike, maana mzee alishikilia pia kwamba kazi hujifunzwa kwa kuifanya. Uzuri wa kadi ni kwamba zinakusubiri kwenye foleni, kwenye daladala na wakati umeme umekatika. Saa ya kulipia unaiacha kwa kazi moja tu, kuandika na kujaribu.

MOTO WA MWISHO

Turudi kwa mzee. Mwaka 1654 alirudi Leszno. Mwaka uliofuata Sweden ikaivamia Poland, na Comenius akafanya kosa kubwa: akaandika maandishi ya kumsifu mfalme wa Sweden, akitumaini Waprotestanti hao watawafungulia njia ya kurudi nyumbani. Wapoland hawakusahau. Aprili 1656 Leszno ikachomwa moto. Nyumba yake ikaungua, na vitabu, na miswada. Humo kulikuwa na kamusi ya lugha yake ya Kicheki aliyoifanyia kazi zaidi ya miaka 40. Yote majivu.

Alikuwa na miaka 64. Wengi wetu hapo tungekaa chini tukangoja kufa. Yeye akaenda Amsterdam, familia tajiri ya de Geer ikampa hifadhi, na mwaka 1657 akachapisha mkusanyiko mkubwa wa kazi zake za elimu. Mwaka mmoja baadaye kitabu cha picha kikatoka. Tusimfanye malaika, miaka hiyo hiyo alichapisha pia tabiri za watu waliodai kuonyeshwa mwisho wa maadui zake, na wasomi wengi walimcheka kwa hilo. Uchungu wa kurudi nyumbani unaweza kumfanya hata mwerevu aamini mengi.

Alifariki tarehe 15 Novemba 1670, akazikwa Naarden, Uholanzi. Kitabu cha picha kikaendelea kutembea bila yeye. Kiingereza kilikuwa kimekipata mwaka 1659, na mwaka 1666 likatoka toleo la lugha nne. Lugha yake mwenyewe, Kicheki, iliingia kwenye kitabu hicho mwaka 1685, miaka 15 baada ya kifo chake. Alifungulia mlango watoto wa watu wengine kwanza, wa kwao wakaja baadaye.

Leo sura yake ipo kwenye noti ya koruna 200 ya Czech, na tarehe yake ya kuzaliwa ndiyo siku ya walimu huko kwao.

Wadau, kompyuta kwetu imekuja na lugha yake kama Kilatini kilivyowajia wale watoto. Hatuwezi kuikwepa lugha hiyo, if itabaki if. Lakini kati ya neno hilo na kichwa chako unaweza kuweka picha ya pipa, trei ya mayai na maelezo ya Kiswahili, na hakuna wa kukuzuia. Manila moja inatoa kadi za kutosha kuanzia.

Mwenye picha nzuri ya kitu kinachoitwa rikasheni, yaani fanksheni inayojiita yenyewe, aimwage hapo chini kwenye maoni. Mimi nimechora kinyozi aliye katikati ya vioo viwili vinavyotazamana, lakini vile vioo havina mwisho, na rikasheni lazima iwe na mahali pa kusimama. Kadi hiyo bado haijakaa sawa.

Nawasilisha.